Michepuko ya Mzee Fulgence

Shangani, Mtwara
25 Agosti 2024

Wifi yangu Skolastika,

Usishangae kuona bahasha. Edwin kaniambia meseji zangu za sauti wanao wanazifungulia sebuleni, na baba mkwe anakaa hapo hapo anasikiliza. Mimi nina mengi ya kusema na sitaki yapite kwenye masikio ya ukoo mzima. Kwa hiyo nimempa kondakta wa basi la Songea barua hii, na wewe ujibu hivyo hivyo, kama wasichana wa bweni.

Jana tulikuwa Msimbati. Unakijua kile kikundi changu cha Jumamosi, wazazi wa chekechea ninayofundisha pamoja na watoto wao. Tulianza watu wachache tukitembea ufukweni hapa Shangani, sasa tunajaza Kosta. Mwezi uliopita tulipanda kilima cha Mikindani, nyuma ya mji wa zamani. Watoto wakafika juu wakiwa wanaimba, baba zao wakabaki katikati wameshika viuno wanasingizia jua. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Msimbati, wifi, nikisema ni pazuri naona nimesema kidogo. Gari linakwenda juu ya mchanga kabisa, maji upande huu, mikorosho na minazi upande ule, na watoto wamenyamaza kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Remmy wangu alibanwa kidole na kaa akakataa kulia kwa sababu wenzake walikuwa wanamtazama. Miaka mitano na tayari ana maringo ya kwenu.

Sasa sikia. Mwenyeji mmoja akatuonyesha kwa kidole upande wa kusini, akasema kule mbele ndiko mto Ruvuma unakomwaga maji baharini. Dorine akauliza mto wenyewe unatoka wapi. Edwin, kwa kiburi chake chote cha Kingoni, akajibu, "Unatoka nyuma ya nyumba ya babu yenu, Matogoro." Watoto wa watu wote wakamgeukia Dorine kana kwamba yeye ndiye mwenye mto. Tangu hapo hatulali. Anataka kuuona unapoanza, anataka kujua babu anaufunga usiku au anauacha wazi.

Basi wameshinda. Desemba shule zikifungwa wanakuja. Edwin hawezi, msimu wa korosho utakuwa umemkalia kooni pale ghalani. Mimi nitawasindikiza mpaka Namtumbo, wewe uje uwapokee stendi, halafu nigeuze na basi la kurudi. Nina kazi nyingi.

Wasalimie wote.

Wifi yako,
Judica

*

Matogoro, Songea
9 Septemba 2024

Wifi Judica,

Barua yako nimeisoma nikiwa jikoni, ugali ukaungua, na sijuti.

Waje. Waje hata kesho. Nimeshapanga kila kitu kichwani. Siku ya kwanza wapumzike, ya pili tuwapeleke bustani ya wanyama ya Luhira wakatembee chini ya miti wakitafuta pundamilia, halafu siku kubwa yenyewe tupande hapa Matogoro mpaka kwenye chanzo. Desemba masuku, yale matunda ya porini, yatakuwa yameanza kuanguka, watoto watakula mpaka midomo inate. Uyoga nao utakuwa umetoka. Mvua ikituonea huruma tutashuka hadi Mbamba Bay waogelee ziwani, waone kwamba na sisi tuna ufukwe, tena wetu hauna chumvi. Hao wazazi wako wa Kosta waambie Songea ndio kuna kutembea. Huko kwenu mnaitembelea bahari, mnarudi na mchanga kwenye nguo za ndani.

Lakini hilo la Namtumbo sijalielewa. Mtu asafiri siku nzima, apite Masasi, apite Tunduru, afike Namtumbo ambako ni kama uani kwetu, halafu ageuze? Hata mwizi haogopi hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi ninaumwa kweli, ninaumwa hamu ya kukaa na wewe. Mara mbili tu umekanyaga hapa tangu uolewe. Niambie ukweli, unakimbia nini?

Wakati unatafuta jibu, nikupe umbea. Hii ndiyo sababu ninashukuru hatutumii sauti. Baba ana mchepuko.

Usicheke. Tangu nimtangazie kwamba mnakuja wote Desemba (sikumwambia habari ya Namtumbo, nimeona ni upuuzi utakaopita), kila asubuhi baba anaoga, anavaa kofia, anachukua jembe kama kisingizio na kupanda mlimani. Shamba letu liko bondeni, wifi, si mlimani. Anarudi mchana amechoka na amefurahi. Jirani yetu Rupert alimuuliza anakwenda wapi, na baba, bila aibu, akamjibu, "Nakwenda kwenye michepuko yangu." Michepuko, si mmoja. Mtaa mzima sasa unatucheka. Mtu aliyefiwa na mke miaka yote hii, anachepuka kutoka wapi? Si aseme tu amepata mchumba tumpokee?

Nitamfuatilia. Jibu haraka.

Wako,
Skolastika

*

Shangani, Mtwara
22 Septemba 2024

Wifi,

Umeniuliza ninakimbia nini. Nimekaa na kalamu Jumapili nzima, nikaona heri niseme.

Ninamkimbia baba yako.

Mara ya kwanza nilipokuja, baada ya harusi, nilikutana naye kwenye ile njia ya kwenda kisimani. Nilikuwa nimejiandaa, nimefunga kitenge vizuri, nimejifunza hata namna ya kupiga goti. Aliponiona, Skolastika, aligeuka akaingia kwenye mahindi. Mtu mzima akasimama kwenye mahindi akinipa mgongo mpaka nilipopita. Nikasema shikamoo, akamjibu Edwin aliyekuwa nyuma yangu. Jioni chakula kilipowekwa, mimi nikaingia, yeye akanyanyuka na sahani yake akaenda kulia nje. Nikajipa moyo kwamba ni kwa sababu mimi ni mgeni.

Mara ya pili nilikuja kumzika mama, nikiwa na mimba ya Remmy. Nilimkuta Ruhuwiko barabarani, mchana kweupe. Akavuka mtaro akaenda kujificha nyuma ya ukuta wa watu. Kwenye msiba. Mimi nikiwa na mjukuu wake tumboni.

Najua sababu. Mimi ni Mpare, Mlutheri, nimekulia Tanga mjini kwa shangazi, sikujua hata kuchuja togwa. Alitaka Edwin aoe binti wa parokia. Sawa. Sikuwahi kumwambia Edwin kwa sababu ni baba yake, na sikutaka kuwa yule mke anayemtenganisha mtu na kwao. Nimenyamaza, nimekuwa na kazi nyingi kila Desemba.

Lakini Dorine sasa ana miaka minane na ana macho. Sitaki asimame kwenye njia ya mlimani amwone babu yake anamkimbia mama yake porini. Mimi nimeyazoea maumivu haya, yeye sitaki ayajue. Kwa hiyo watoto watakuja, wampende babu yao na mto wao. Mimi nitaishia Namtumbo. Na kama utanilazimisha nije, na akanifanyia vile tena mbele yao, nitawachukua wanangu siku hiyo hiyo na hatutarudi tena. Nisamehe kwa kusema hivi, nakupenda.

Kuhusu mchepuko wa mzee, mpeni pongezi. Labda huyo hatamkimbia.

Judica

*

Matogoro, Songea
1 Oktoba 2024

Judica, mama yangu, wifi yangu,

Kaa chini. Kama umesimama kaa.

Nilipoisoma barua yako nililia kwanza, halafu nikacheka, halafu nikamtukana Edwin kwa sauti mpaka kuku wakakimbia. Miaka tisa amelala na wewe kitanda kimoja hakukwambia? Na wewe miaka tisa hukuuliza? Kuuliza si ujinga, wifi.

Sikia. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawakutani uso kwa uso. Mkamwana ndiye wewe, mke wa mwanawe. Hawapishani kwenye njia moja, hawali chungu kimoja wakitazamana, na salamu inapita kwa mtu wa katikati. Mkubwa ndiye anayetoka njiani. Ni heshima, tena heshima yenyewe ile ya wazee, ambayo vijana tumeiacha. Babu yangu alikuwa akimsikia mama yangu anakohoa tu, anaruka uzio. Kama baba angesimama njiani akakukodolea macho na kucheka na wewe, hapo ndipo ungekuwa na kesi, na mama angekuwa wa kwanza kumfuata na mwiko. Aliingia kwenye mahindi kwa sababu alikuona mkwe kamili. Kwa binti wa parokia asiyemfaa, asingeingia kwenye mahindi ya mtu.

Ndiyo, haya hiyo ya kukwepana huwa inaondolewa. Mama mkwe ndiye anayeiondoa. Anaandaa kuku, anawaketisha, anawalisha, kuanzia siku hiyo mnasalimiana kama watu. Mama alikuwa akisubiri uje na mtoto mkononi afanye hivyo. Akafa kabla. Baba akabaki na heshima yake hana wa kumfungua. Mimi nilidhani unajua. Kila mtu alidhani unajua.

Sasa nikupe la pili, kwa sababu la kwanza halijaisha bila hili.

Siku ile ile barua yako ilipofika, nilimfuata baba mlimani. Nilijificha nyuma nyuma, nimeshajiandaa kukutana na mwanamke. Unaikumbuka ile njia inayopanda kutoka kwetu kwenda chanzoni? Ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo. Ukiingia hapo hutoki pembeni. Nikamkuta baba peke yake, ameinama, anachimba kwenye ukingo. Amekata nafasi ya mtu mmoja kusimama. Nikatazama chini, nikaona nyingine, na nyingine, kila baada ya kona, zimesawazishwa, nyasi zimefyekwa. Nikamuuliza, "Baba, unafanya nini?"

"Michepuko."

"Ya nini?"

Akanitazama kama mimi ndiye mgeni. "Si umesema mke wa Edwin anakuja kupanda na watoto? Sasa njia yote hii akinijia nyuma nitasimama wapi? Hata wenye barabara ya Namtumbo walipokuwa wanatengeneza waliweka kibao, Mchepuko, watu wakapishana. Nisipoweka, itabidi mimi nibaki nyumbani. Nami nataka kuwaonyesha wajukuu mto."

Bwana misitu, yule Bakili, alishamfuata kumuuliza kibali. Akamwambia anaheshimu mkwe. Bakili akamruhusu achimbe mpaka kwenye mpaka wa hifadhi, ndani ya msitu asiguse kitu.

Wifi, baba yangu ana umri wa kukaa kibarazani akiota jua la asubuhi. Anachimba mlima ili upite. Ninakuomba usiishie Namtumbo.

Skolastika

*

Matogoro
6 Oktoba 2024

Kwa mke wangu Dorine,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mumeo mzee nipo, magoti tu ndiyo yanabishana. Nimesikia unakuja na unauliza kama mto ninaufunga usiku. Siufungi. Nikiufunga huko kwenu Mtwara mtakosa maji ya kuchanganya na chumvi.

Ninakutuma kwa mtu aliyekuzaa. Mimi siwezi kumwandikia, wewe ndiye barabara yangu. Mwambie nimesikia kutoka kwa shangazi yako kwamba nilimuumiza. Mwambie sikujua. Nilikuwa nikimpisha kwa moyo wote, na kila alipopita nilisema kimoyomoyo, mwanangu Edwin amepata mtu. Kumbe aliona mgongo tu. Mgongo hausemi, hilo nilipaswa kulijua na umri wangu huu.

Muulize pia mambo mawili. Anakula mbasa? Kuna mtu ataniletea samaki hao kutoka Nyasa. Na akitembea mlimani, anapenda kuwa upande wa ukuta au upande wa korongo? Nimechimba upande wa korongo nikidhani ni mimi nitakayesimama huko, lakini kama anaogopa kuniona hapo nitachimba upya.

Usimwambie kwamba hayo mawili nimeyauliza mimi. Muulize tu.

Mumeo,
Fulgence

*

Shangani, Mtwara
20 Oktoba 2024

Babu,

Shikamoo. Mimi ni Dorine, naandika mwenyewe ila mama yupo jikoni ananisahihisha.

Mtu aliyenizaa anasema anakula mbasa. Anasema michepuko ibaki upande wa korongo, usichimbe tena, utaumia mgongo. Alisoma barua yako akaenda kuoga muda mrefu sana na maji yalikuwa hayatoki bombani. Baba amegombezwa.

Tunakuja wote watatu mpaka kwako. Namtumbo tutashuka kununua mahindi ya kuchoma tu.

Mkeo,
Dorine

*

Matogoro, Songea
17 Desemba 2024

Edwin,

Nimeazima kalamu ya dada yako. Simu yako nimeona inaita, nitapokea nikimaliza kuandika, kwa sababu haya hayasemeki kwenye simu na watoto wanapiga kelele.

Jana tumepanda. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi ikaacha, mlima mzima ukawa unanukia udongo. Dorine na Remmy walitangulia na shangazi yao, midomo yao inanata kwa masuku, wanaimba nyimbo za Kosta. Baba alitoka nyumbani mapema akasubiri juu kidogo ya shamba. Mimi nikawa wa mwisho, na nikwambie ukweli, nilifunga na kufungua kitenge mara nyingi kuliko siku ya harusi.

Nilipoukaribia mchepuko wa kwanza nikamwona. Ameshaingia ndani yake, kofia mkononi, mgongo kwangu, amenyooka kama askari wa gwaride. Nikapita. Safari hii niliutazama ule mgongo. Shati limepigwa pasi, Edwin. Limepigwa pasi kwa ajili ya mlima. Nikatembea kidogo, nikasikia anatoka, anatufuata kwa mbali, halafu anapitia mkato mwembamba alioufyeka mwenyewe kati ya kona na kona na kunitangulia ili kona inayofuata anikute tena amenipisha. Njia nzima hivyo. Watoto wakaona, Dorine akauliza kwa nini babu anafanya vile, nikamjibu mimi mwenyewe bila kusubiri mtu, "Ananipa heshima." Akaniambia, "Nyingi." Nikasema ndiyo, nyingi.

Ndani ya msitu michepuko ikaisha, kama Bakili alivyoagiza. Hapo kuna mteremko wa utelezi, na mimi na viatu vyangu vya ufukweni nikaanza kurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Skolastika alikuwa mbali. Baba yupo juu yangu, hana pa kujificha na mimi sina pa kushika. Nikasikia anakohoa. Hakugeuka. Alinyoosha fimbo yake nyuma yake, akaishika ncha moja, akaiacha ncha nyingine inanisubiri. Nikaishika. Akanivuta kidogo kidogo mpaka juu akitazama mbele muda wote, na mimi nikitazama kisigino chake, tumeshikana fimbo bila kuvunja sheria hata moja ya babu zenu.

Chanzo chenyewe ni kidogo. Remmy alidai ametapeliwa. Yaani mto ule wote unaanza na maji ambayo mtoto anaweza kuyaruka. Akayaruka mara nyingi, akawa anatangaza ameuvuka Ruvuma, mpaka akaanguka ndani. Tulicheka sana.

Wakati wa kula, Skolastika akanivuta pembeni. Alikuwa amebeba kuku kwenye kikapu. Amezungumza na wakubwa wa ukoo, wamemruhusu asimame mahali pa mama, aondoe haya pale pale chanzoni, mimi na baba tule pamoja tuanze kusalimiana. Nilitamani kitu hicho kwa miaka tisa, unajua. Nikamtazama baba yako amekaa nyuma ya mti mkubwa, anakula mbasa wake peke yake akiwa ameridhika, na nikamwambia Skolastika asubiri kwanza. Akashangaa. Nikamwambia sijawahi kupewa njia hata mara moja nikajua kwamba napewa, na hii ndiyo mara ya kwanza. Aniache niionje kidogo. Kuku tumemrudisha nyumbani, Pasaka yupo.

Kushuka ndiko ninakotaka kukueleza. Baba alibaki nyuma akimfungia Remmy kamba za viatu. Mimi nikawa mbele peke yangu, nimetoka msituni, nimeufikia mchepuko wa juu kabisa. Nikamsikia anakuja na watoto, ile fimbo yake inagonga mawe. Sikufikiri. Nikaingia mimi. Nikasimama ndani ya ile nafasi aliyoichimba, nikawapa mgongo, nikatazama korongo.

Fimbo ikanyamaza. Hapo, Edwin, nikaanza kuogopa kwamba nimekosea, kwamba labda mwanamke hafanyi hivyo, kwamba nimemwaibisha mbele ya wajukuu. Halafu nikasikia akipita taratibu nyuma yangu. Alipofika mbele kidogo akasimama, akasema kwa sauti ya kunifikia mimi vizuri kabisa:

"Mke wangu Dorine. Mwambie huyo mwanangu atoke hapo, atashikwa na baridi. Mwambie twende nyumbani."

Dorine akarudi mbio kuniambia. Nililia tu pale nikitazama korongo, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini.

Usitukatie tiketi ya kurudi kabla ya shule kufunguliwa. Kama utatukosa sana, panda basi uje wewe.

Mkeo,
Judica